Mgongo wa Dumu

Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa Makambako, nimechuchumaa kando ya Canter ya kaka yangu asubuhi ya baridi kali, nikitazama oili ikitoka kwenye sampo. Oili ya dizeli iliyotumika huwa nyeusi, hilo halikunishangaza. Kilichonishtua ni mwendo wake. Haikumiminika. Ilishuka kama uji uliolala, ikakatika, ikaanza tena, mpaka fundi akachukua waya akazibua tundu. Kisha akaingiza kidole, akakitoa kimejaa tope jeusi, akaniinulia nione. Hakusema kitu. Kaka ndiye aliyesema: "Mdogo wangu, si wewe uliyetuambia twende mpaka elfu kumi na mbili?"

Ni mimi. Niliyasema hayo kwa simu mwezi wa tatu nikiwa Minnesota, siku ambayo nilikuwa nimetoka kubadilisha oili ya gari langu mwenyewe. Kaka alikuwa amenitumia hesabu za Canter: tairi, springi, posho ya utingo, na oili kila kilomita 5,000. Mimi gari langu huku linakwenda zaidi ya mara tatu ya umbali huo bila kumwagwa oili. Nikamwambia kwa uhakika wote kwamba fundi wake anaishi zamani, oili za siku hizi zinadumu, asubiri mpaka 12,000. Na kwa kuwa Canter ile tuliinunua kwa pesa niliyotuma, neno langu likawa na uzito kuliko la fundi aliyeanza kufungua injini za dizeli kabla mimi sijajua kusoma.

Najua siko peke yangu. Wengi wetu tulioko nje tuna chombo nyumbani: Canter ya viazi, Hilux ya shamba, Hiace ya abiria. Tunaiendesha kwa simu. Na anayelipa husikilizwa hata pale ambapo hajui. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu, nikieleza oili inavyochaguliwa huku, inavyochaguliwa nyumbani, na kwa nini jibu la huku halikufaa kule, ingawa magari yote mawili ni malori madogo ya dizeli.

Nianze na la kwangu. Naendesha Ram 2500 yenye injini ya Cummins ya lita 6.7, silinda sita. Kiangazi inavuta trela la mashine za bustani, majira ya baridi inafungwa bamba la kusukuma theluji. Inakula kwati 12 za oili, yaani galoni 3 za Kimarekani, lita 11 na kidogo. Nilipoinunua nilifanya kama ambavyo ningefanya Mbeya: nilimuuliza mtu. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyefanya kazi ya dizeli maisha yake yote, hakunijibu. Alifungua mlango wa abiria, akatoa kitabu cha gari kwenye droo ya dashibodi, akanikabidhi. Nilidhani hataki kunisaidia. Baadaye nikaelewa kwamba huo ndio msaada wenyewe.

Kitabu hakisemi "weka oili nzuri". Kinataja uzito wa oili, kinataja herufi za kiwango, kinataja namba ya Cummins yenyewe: CES 20081 kwa kizazi cha oili za CJ-4, na vitabu vya karibuni vinataja CES 20086 kwa kizazi cha CK-4, herufi nitakazozieleza mbele. Hakikulazimishi chapa ya duka moja. Hapa sheria ina mkono wake: tangu 1975 Marekani ina sheria ya waranti iitwayo Magnuson-Moss, ambayo kwa kawaida inamzuia mtengenezaji kukwambia kwamba waranti itakufa usipotumia oili ya chapa yake, labda akupe oili hiyo bure. Kwa hiyo mtengenezaji anaandika kiwango, na wewe unakwenda dukani kutafuta dumu lolote lenye kiwango hicho. Unatunza risiti. Basi.

Majira yangu ya kwanza ya baridi nilikuwa na 15W-40, ile ile tuliyoizoea Afrika Mashariki. Asubuhi moja ya Januari kipimajoto kilisoma nyuzi 29 chini ya sifuri. Niliposhika swichi injini ilizunguka kama mtu anayetembea kwenye matope ya mpunga. Iliwaka, lakini kwa sekunde kadhaa nilisikia vyuma vikigongana kwa ukavu, sauti ambayo sijaisahau. Siku hiyo ndipo niliposoma maana ya ile W.

W ni baridi, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira hayo. Namba iliyo kabla yake inaeleza tabia ya oili injini ikiwa imelala kwenye baridi, na iliyo baada yake inaeleza tabia ya oili injini ikiwa imechemka. Kiwango cha SAE kinaitaka oili ya 15W iweze kuvutwa na pampu hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, na ile ya 5W hadi nyuzi 35 chini ya sifuri. Mimi nilikuwa nimevuka mpaka wa 15W. Kitabu kilikuwa kimeshaniambia: chini ya nyuzi 18 hasi, tumia 5W-40 ya sintetiki. Tangu hapo ndiyo ninayotumia, na usiku wa baridi kali nachomeka injini kwenye umeme ili hita ndogo iliyofungwa kwenye bloku iipashe joto.

Sasa fikiria nilivyomshauri kaka wakati mmoja anunue 5W-40 kama yangu. Canter yake inapaki Makambako. Inapakia viazi Njombe, ambako mwezi wa sita na wa saba umande unaweza kuganda kuwa barafu juu ya majani, na hiyo ndiyo baridi kali kuliko zote itakayokutana nayo maishani mwake. Barafu huganda kwenye sifuri. Oili ya 15W ina nyuzi 25 nyingine za akiba chini ya hapo. Pesa ya ziada ya 5W ingenunua kinga ya baridi ambayo haipo kuanzia Tunduma hadi Dar es Salaam.

Lakini kaka hakuwa anatumia hata 15W-40. Fundi alikuwa akimwekea "namba arobaini", oili ya uzito mmoja, inayopimwa kwa chupa kutoka kwenye pipa. Nilipomuuliza fundi kwa adabu sababu yake, alinijibu kwa maneno ambayo nimeyasikia kwa mafundi wa Gerezani Dar es Salaam, wa Mwanjelwa Mbeya na wa kila mahali: "Hii nyingine ni nyepesi. Injini imekula kilomita nyingi, inataka oili nzito." Alichovya vidole viwili kwenye kila oili, akavisugua, akanipa nami nisugue. Ni kweli kabisa. Mkononi, namba 40 ilikuwa nzito, 15W-40 ilikuwa nyepesi.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wetu wazuri wanapopotezwa na ushahidi wa vidole vyao wenyewe. Mkono una joto la nyuzi 30 na kitu. Injini ikiwa kazini oili yake ina joto la nyuzi 100 au zaidi. Kwenye nyuzi 100, namba 40 na 15W-40 zinatakiwa na kiwango kile kile ziwe na uzito ule ule: kati ya sentistoki 12.5 na 16.3. Ile 40 iliyoandikwa kwenye madumu yote mawili ni 40 moja. Ikichemka, namba 40 haimkingi kaka kuliko 15W-40. Tofauti iko asubuhi. Dereva anapowasha Canter saa kumi na moja alfajiri Njombe, namba 40 imeganda kama asali, inachelewa kupanda juu kwenye vali na roka, na injini inajisaga yenyewe kwa ukavu mpaka ifike. Uzito ambao fundi anaupenda mkononi ndio unaoiumiza injini kila asubuhi.

Nilimweleza fundi hivyo. Hakukubali siku ile. Tuliweka oili zote mbili kwenye makopo ya maziwa, tukayapasha kwenye maji yanayochemka juu ya jiko la mkaa, tukachovya vijiti, tukatazama matone yakianguka. Yalianguka sawa. Fundi akatazama muda mrefu, akarudia peke yake. Kisha akasema, "Kumbe." Nimewahi kukaa madarasani na walimu wengi, na sijaona mtu aliyebadilisha maoni yake kwa heshima kama mzee yule.

Uzito ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni herufi, na hizo ndizo nisizozisoma nilipokuwa nikitoa amri kwa simu.

Nyuma ya dumu la oili halali mara nyingi kuna duara la API, taasisi ya petroli ya Marekani. Katikati ya duara kuna uzito, juu kuna kiwango. Herufi za oili za dizeli kwa kawaida huanza na C. CH-4 ilikuja 1998, CI-4 ikaja 2002, CJ-4 ikafuata 2006, na Desemba 2016 zikaingia mbili kwa pamoja, CK-4 na FA-4. Ukiona CF au CD peke yake, hizo ni herufi za miaka ya nyuma sana. Zilitengenezwa kwa injini na matarajio ya wakati huo, na API yenyewe ilishaziweka kando. Pipa la namba 40 la gereji lilikuwa na CF.

Nilidhani, kama wengi, kwamba herufi zikisogea mbele oili inakuwa bora kwa kila injini. Si hivyo. Marekani ilipobana moshi wa dizeli, magari kuanzia ya mwaka 2007 yakafungwa DPF, kichujio cha kunasa masizi kwenye ekzosi. Masizi yanaungua kichujio kinapojisafisha, lakini majivu ya oili hayaungui, yanabaki humo mpaka kichujio kizibe. Ndiyo sababu CJ-4 na CK-4 zimewekewa kikomo: majivu yasizidi asilimia 1 ya uzito wa oili, fosforasi isizidi asilimia 0.12. Lakini majivu hayo yanatoka kwenye nini? Kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye viungo vinavyosafisha injini na kuua tindikali. Ukipunguza majivu, unapunguza pia akiba ya dawa. Marekani iliweza kufanya hivyo kwa sababu mwaka 2006 ilianza kushusha salfa ya dizeli ya barabarani hadi sehemu 15 kwa milioni. Salfa ikiungua kwenye silinda na kukutana na maji huzaa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayomaliza dawa ya oili. Salfa kidogo, tindikali kidogo, dawa kidogo yatosha. Oili, kichujio na dizeli vilibadilishwa pamoja kama mafiga matatu.

Hata Wamarekani wenyewe wakakwaruzana kuhusu herufi hizo. CK-4 ilipotoka, Ford ilisema baadhi ya oili hizo zina fosforasi ndogo mno kuzikinga injini zake zisilike, ikatoa kiwango chake, WSS-M2C171-F1, na ikakataa FA-4 kabisa kwa dizeli zake. FA-4 ni nyepesi kwa makusudi ili kuokoa mafuta kwenye malori mapya makubwa yaliyoundwa kwa ajili yake. Ukiitia kwenye injini ya zamani unaipunguzia kinga. Kwa hiyo mwenye Ford F-250 na mimi mwenye Ram, wote majirani, tunaweza kusimama mbele ya rafu moja dukani na kila mmoja akalazimika kusoma mgongo wa dumu kivyake.

Nyumbani dizeli imebadilika pia, na hili watu wengi hawalijui. Kuanzia Januari 2015 nchi tano zilizokuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati ule, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo ilikuwa ikiruhusiwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Kanuni ya fundi ya kilomita 5,000 ilizaliwa enzi za dizeli ile ya zamani. Hakuna aliyeiandika, hakuna aliyeieleza kwa kemia, lakini mafundi waliona injini zilizochelewa zikioza, wakaona zilizowahi zikidumu, wakafundisha vijana wao. Kanuni hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Mimi niliitupa bila kuuliza imetoka wapi.

Je, dizeli ikiwa safi sasa, si ningekuwa sahihi kusogeza mpaka 12,000? Hapana, na hapa ndipo tope lile la sampo lilipotoka.

Ram yangu inahesabu yenyewe. Kompyuta inajua imevuta trela mara ngapi, imewaka ikiwa imesimama kwa muda gani, kisha inanipa siku. Mtengenezaji ameweka kikomo cha juu: maili 15,000, au miezi 12, au saa 500 za injini, lolote litakalotangulia. Juu ya hapo mimi hujaza kichupa kidogo cha oili iliyotumika na kukipeleka kwa posta kwenye maabara Indiana. Wananirudishia karatasi yenye chembe za kila metali: chuma kutoka kwenye silinda, risasi na shaba kutoka kwenye beringi, silikoni iliyoingia na vumbi, sodiamu ikiwa maji ya rejeta yanavuja ndani. Ninapokwenda kilomita 16,000 sibahatishi. Nina karatasi.

Canter ya kaka ina injini ya 4D33, silinda nne, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta. Pampu yake ya nozeli ni ya mitambo tu. Ikichoka kidogo inatoa masizi mengi, na sehemu ya masizi hayo inapita kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Inapanda mlima Kitonga na shehena ya simenti na soda wakati wa kurudi, kwa gia ya pili, jua la mchana likiwaka. Inaingia vijijini kufuata viazi, njia ya vumbi jekundu. Filta yake ya hewa ilikuwa ikibadilishwa kwa nadra. Ilipigwa upepo kwa kompresa, na kila ilipopigwa, karatasi yake ilichanika vitundu visivyoonekana kwa macho, vumbi likapita moja kwa moja hadi kwenye silinda na kusaga kama msasa. Ongeza hapo oili ya CF isiyo na dawa ya kutosha ya kuyabeba masizi yakiwa yametawanyika. Masizi yakashikana, yakawa tope. Pampu ya oili ikaanza kuvuta kwa shida. Taa ya oili ilikuwa imeanza kucheza kwenye mteremko, dereva akaona akaongeza lita moja ya oili ya aina nyingine, akaendelea na safari.

Tulifungua sampo lote siku ile. Beringi mbili za mikono ya pistoni zilikuwa zimelika mpaka rangi ya shaba inaonekana. Krenki ilipona. Fundi alisema wiki tatu zaidi zingetosha kuimaliza, na mimi namwamini. Gharama nililipa mimi, na nilimwomba fundi radhi mbele ya kaka na utingo, kwa sababu nilikuwa nimemvunjia heshima mbele yao.

Basi tukachagua upya, safari hii kwa pamoja. Kitabu cha Canter kilikuwa cha Kijapani, hakuna aliyekisoma, lakini injini ile inajulikana duniani kote. Haina DPF, haihitaji majivu machache. Inahitaji dawa nyingi ya kubeba masizi na kuua tindikali. CI-4 ya 15W-40 ndiyo saizi yake, na inapatikana Makambako, Iringa, Mbeya, popote. CK-4 nayo ingefanya kazi. API inairuhusu kwenye dizeli yenye salfa hadi sehemu 500 kwa milioni, na yetu ni 50. Ila ni ghali zaidi, na kikomo chake cha majivu ni cha kulinda kichujio ambacho Canter haina. Umbali tumeuweka kilomita 6,000, filta ya oili mpya kila mara bila kujadiliana, filta ya hewa mpya kila oili ya pili, na ni marufuku kuipiga upepo.

Maabara ya kupeleka kichupa hatuna karibu. Tuna karatasi. Unadondosha tone moja la oili ya moto kutoka kwenye kijiti juu ya karatasi nyeupe inayonyonya, unaiacha ilale usiku kucha mahali pasipo na vumbi. Tone likitawanyika polepole likafifia kuelekea pembeni, oili bado inayabeba masizi. Ukikuta duara jeusi tititi katikati lenye ukingo mkali, na pembeni kuna kimanjano kitupu, oili imechoka, masizi yameachana nayo. Kipimo hiki cha karatasi ni cha zamani na hakigharimu chochote. Fundi amezitundika karatasi zake ukutani, kila moja ina tarehe na kilomita, na madereva wengine wameanza kuja kuuliza.

Kuna jambo moja ambalo huku silifikirii kabisa na nyumbani linaninyima usingizi: oili bandia. Mara ya kwanza tulipokwenda kununua CI-4, duka moja lilituuzia dumu lenye chapa kubwa na bei nzuri. Fundi alilipokea, akapitisha ukucha kwenye ukosi wa kifuniko, akatikisa kichwa. Pete ya usalama ilikuwa imekatwa na kugandishwa tena. Ndani ilikuwa oili iliyokwisha kutumika, ikachujwa na kutiwa rangi. Mkono wa fundi uliona ambacho mimi na usomaji wangu wa herufi tusingekiona kamwe. Tangu hapo tunanunua kwenye vituo vya mafuta au kwa wakala, tunadai risiti, tunatazama alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, na dumu likiisha tunalitoboa kwa msumari kabla ya kulitupa. Anayekuja kuokota madumu mazima gereji hayakusanyi kwa ajili ya maji ya kunywa tu.

Na oili chafu? Minnesota naipeleka kwenye duka la spea, wanaipokea bure. Makambako inapakwa kwenye mbao za paa kuzuia mchwa, na mafundi wananawa nayo mikono kila siku. Ina metali na sumu za moshi. Nilimpelekea fundi boksi la glavu. Anazivaa.

Sasa niwageukie wenye magari mapya zaidi, maana kwenu ushauri unageuka kabisa. Canter za kuanzia 2010, zenye injini ya lita tatu ya 4P10, na Hiace na Hilux nyingi za dizeli za miaka ya karibuni zinazotoka Japani, zinakuja na DPF. Kwa hizo, CI-4 niliyoisifu hapa ni kosa, kwa sababu majivu yake yataziba kichujio. Tafuta herufi za kiwango cha Kijapani kwenye dumu: JASO DH-2 kwa malori, DL-1 kwa magari mengi madogo ya dizeli yenye DPF. DL-1 imewekewa kikomo cha majivu cha asilimia 0.6, kidogo hata kuliko CK-4. Msichanganye hizo na DH-1, ambayo ni ya injini zisizo na kichujio. Nimeona DPF nyingi zikikatwa na kutupwa kwa madai kwamba "hazifai Afrika". Baadhi hazikushindwa na Afrika. Zilizibwa na oili isiyozifaa. Na kijiti cha oili kikianza kuonyesha kimo kinapanda badala ya kushuka, msifurahi: dizeli inayopigwa kusafisha kichujio inaingia kwenye sampo na kuiyeyusha oili. Mwageni mapema.

Ndugu yangu uliyeko Houston, London au Muscat, mwenye gari la dizeli nyumbani: kabla hujatuma pesa ya sevisi mwezi huu, omba picha nne. Mgongo wa dumu la oili, herufi zikisomeka. Ukosi wa kifuniko kabla hakijafunguliwa. Filta mpya mkononi mwa fundi. Dashibodi ikionyesha kilomita. Kisha mpigie fundi mwenyewe, msalimie, umuulize kwa nini anafanya anavyofanya, na umsikilize mpaka amalize.

Canter yetu imemwagwa oili mara tatu tangu siku ile. Ya mwisho ilitoka nyeusi, nyepesi, kwa mkondo mmoja.